Kinachoila Kalisi

(Mazungumzo ya sonara mmoja na watunza sakristia, yaani chumba cha vyombo vya Misa kanisani, Tanga. Yameandikwa kutoka kwenye rekodi na kupunguzwa marudio.)

Baba Paroko, Masista, mama zangu na kaka zangu wa sakristia, Tumsifu Yesu Kristo.

Ahsanteni. Naona wengine mmeitikia huku mnacheka. Ni kweli, kofia hii ni bargashia na mimi ni Mwislamu, mtoto wa Ngamiani hapa hapa Tanga. Salamu yenu nimejifunzia kwenye milango ya sakristia, maana miaka zaidi ya 30 sasa huko ndiko inakotoka nusu ya riziki yangu. Basi leo tugawane kazi. Dini mnayo ninyi, sitaigusa. Mimi nimeitwa kuzungumzia madini.

Hii hapa ni kalisi, kikombe chenu cha divai ya Misa. Wenyewe wameniruhusu niwaonyeshe, ila parokia nisiitaje. Kabla sijaishika, Baba Paroko ameikagua akahakikisha imesuuzwa na haina kitu ndani. Huo ndio utaratibu wangu tangu nianze: chombo kipitie kwanza kwa mwenye mamlaka nacho, ndipo kinifikie mimi. Ipitisheni taratibu, na kila mtu avae glavu hizi. Jasho la vidole lina chumvi. Alama ya dole gumba ikikaa miezi kadhaa inajichora kwenye fedha, haitoki tena mpaka uisugue, na kusugua ndiko kulikonileta hapa leo.

Ikifika kwako, angalia mambo matatu. La kwanza ni ukingo wa kikombe, upande wa ndani. Dhahabu imekatika, pana doa jeupe la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200. Kisha shuka kwenye lile fundo katikati ya shina, pale padre anapokamata. Fundi aliyeitengeneza alichonga majani ya mzabibu yenye mishipa yake. Leo majani yamelainika kama pipi iliyonyonywa. Halafu geuza uone chini ya mguu, kuna donge la kijivu. Hilo donge tutalirudia, lina kesi yake.

Sasa niwaulize, ni nani kaila kalisi hii? Wezi hawajaifikia. Bahari yetu ina chumvi na unyevu, lakini isingeweza kuchagua kula majani ya mzabibu na kuacha mengine. Kalisi hii imeliwa na kitambaa. Kuna mama mmoja, Mungu amrehemu, aliyeitunza kwa mapenzi makubwa, na kila Jumamosi alikuwa anaing'arisha. Baada yake akaja mwingine mwenye mapenzi yale yale. Piga hesabu: Jumamosi 52 kwa mwaka, kwa miaka 60, ni zaidi ya mara 3,000. Hakuna dhahabu ya kuvumilia hayo.

Mama pale nyuma anatikisa kichwa. Ngoja, usinihukumu bado.

Tuanze na weusi, maana ndio unaotutia presha. Fedha haioti kutu kama chuma. Inachofanya ni kuoana na salfa. Hewa ina salfa kidogo, moshi unayo, mayai yanayo, sufu inayo, na mpira unayo nyingi. Fedha ikikutana nayo, na kukiwa na unyevu kama huu wetu, inaanza kuwa ya manjano, kisha ya kahawia, mwisho nyeusi. Wengi wanadhani weusi ni uchafu uliokaa juu ya fedha, kama masizi juu ya sufuria. Sivyo. Weusi ule ni fedha yenyewe iliyogeuka. Ukiusugua ukatoka, huo unaouona kwenye kitambaa ni utajiri wa kanisa lako. Nenda kaangalie kile kitambaa kilivyo cheusi.

Hapo ni kwa kitambaa laini. Sasa nitaje silaha ninazokutana nazo: majivu, mchanga laini, limau na chumvi, ukwaju, dawa ya meno, stilwaya. Stilwaya! Mtu mzima, kasali rozari asubuhi, halafu anaingia sakristia na stilwaya. Dawa ya meno imetengenezwa kukwangua meno, na meno ni magumu kuliko fedha mara nyingi. Limau na chumvi zinang'arisha shaba ya bibi vizuri sana, lakini kwenye fedha chumvi inaingia kwenye vitundu, na huko ndani inaendelea na kazi yake wewe ukiwa umeshalala.

Najua pia ile ya kwenye simu, ya karatasi ya alumini, magadi ya kuokea na maji ya moto. Inafanya kazi, sikatai. Weusi unarudi kuwa fedha bila kusugua, na alumini ndiyo inayobeba mzigo. Kijiko kitupu cha fedha, fanya. Kalisi, hapana. Shina lake lina uwazi ndani, maji yakiingia hayatoki. Vyombo vingine vya zamani vimejazwa lami au plasta ndani ili viwe vizito. Tena weusi ulioko kwenye mifereji ya nakshi, fundi wa mwanzo aliutaka uwepo. Ndio unaofanya jani lionekane jani. Ukiutoa, chombo kinakuwa cheupe pepe, kama sura isiyo na nyusi.

Sasa dhahabu. Vyombo vyenu vingi ni vya kuchovya, na kusema hivyo si kuvidharau. Fedha ndani, dhahabu juu. Vingine ndani ni shaba tu. Swali ni vilichovywa namna gani.

Namna ya zamani ni ya zebaki. Fundi alikuwa anachukua dhahabu iliyokatwakatwa, anaiyeyushia kwenye zebaki ya moto mpaka inakuwa laini kama siagi. Anaipaka kwa brashi juu ya fedha, kisha anakiweka chombo juu ya makaa. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357, inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki imeshikana na fedha. Inabaki imefifia, kwa hiyo anaisugua kwa jiwe la akiki hadi ing'ae. Wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya wakisikia haya wananielewa mara moja, kwa sababu ndicho wanachokifanya kila siku, ila wao wanatafuta dhahabu na mafundi wale walikuwa wanaigawa. Na mvuke ni ule ule. Mafundi wa Ulaya waliishia kutetemeka mikono, meno yakawadondoka, akili ikapotea. Ukiona kalisi ya kabla ya 1840 na dhahabu yake ya mwanzo ipo, jua karibu kwa hakika kuna mtu aliivuta ile pumzi ili iwe hivyo. Mimi kazi hiyo sifanyi na wala usimruhusu mtu akufanyie, hata akikuapia kwamba ndiyo asili yake.

Nimetaja 1840 kwa sababu mwaka huo George Elkington wa Birmingham alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya kuchovya kwa umeme. Chombo kinaning'inizwa kwenye maji yenye sianidi na dhahabu, umeme unapita, dhahabu inahama kutoka kwenye maji na kukaa juu ya chombo. Ni rahisi, ni haraka, na ni nyembamba. Dhahabu ya zebaki mara nyingi ni nene kuliko ya umeme, na unaweza kuitambua kwenye pembe zilizojificha, pale ilipojikusanya bila usawa na brashi imeacha njia zake. Ya umeme imelala kwa usawa zaidi, haina njia za brashi.

Nyembamba kiasi gani? Mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Unywele wako una unene wa kama mikroni 70. Mimi nikitia dhahabu ndani ya kikombe najitahidi ifike mikroni 3 hadi 5. Mapambo mengi ya mtaani hayafiki hata moja. Basi mnaelewa ninaposema hakuna dhahabu ya kuvumilia Jumamosi 3,000.

Na usikisie chombo ni cha nini, kisome. Geuza mguu, chukua kioo cha kukuzia, au piga picha kwa simu kisha uivute. Vyombo vya huku kwetu vilikuja na waliokuja. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua Bagamoyo mwaka 1868, na vyao vingi ni vya Kifaransa. Kwenye fedha ya Kifaransa tafuta kichwa cha mwanamke mwenye helmeti, ni Minerva, ametumika tangu 1838. Akiwa na namba 1, fedha ni sehemu 950 kwa 1,000. Namba 2 ni 800. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, na mwaka huo huo Ujerumani ikaanza muhuri wake wa mwezi mwandamo na taji, pembeni pana namba kama 800 au 925. Na Waanglikana wa misheni ya UMCA, waliokuwa pale Magila, jirani zetu, walileta vya Kiingereza. Hivyo vina simba anayetembea, maana yake ni 925, na nanga ikiwapo, vilipigwa muhuri Birmingham. Nilicheka nilipoijua hiyo, kwa sababu Birmingham haina bahari. Lakini ukikuta herufi EPNS, hapo hamna fedha zaidi ya ngozi. Ndani ni shaba, nikeli na zinki. Kuna parokia iliwahi kukifungia chombo cha EPNS kwenye sefu na kuiacha siborio, chombo cha kuwekea hostia, ya fedha halisi kabatini, kisa EPNS ilikuwa inang'aa zaidi.

Haya, lile donge la kijivu.

Kalisi nyingi za zamani hazijaungwa kwa moto kutoka juu hadi chini. Kikombe, fundo na mguu ni vipande mbalimbali vilivyopangwa juu ya kijiti cha chuma au shaba, na chini ya mguu kuna nati inayovibana vyote. Miaka ikipita nati inalegea, kikombe kinaanza kucheza. Padre anaogopa, na ana haki ya kuogopa, divai iliyowekwa wakfu haimwagiki hivi hivi. Anasema ipelekwe kwa fundi. Fundi wa karibu ni wa redio. Naye, masikini, anatumia alichonacho: lehemu ya bati na risasi. Anamwaga donge, kikombe kinatulia, anadai elfu tano, kila mtu anarudi nyumbani na furaha.

Kalisi hii ilihitaji kukazwa nati. Basi.

Sasa imekuwa kazi ya wiki mbili. Ile lehemu ya redio inayeyuka kwenye nyuzi kama 183. Lehemu halali ya fedha inataka zaidi ya 600. Nikija na moto wangu wakati risasi bado ipo, risasi itaila fedha na kutoboa matundu, kama mchwa kwenye mlango. Kwa hiyo lazima niikwangue yote kwanza, kwa kisu kidogo cha mfupa na subira, hadi kwenye mikunjo. Na moto wenyewe nauogopa, kwa sababu dhahabu ikipata joto kubwa inazama ndani ya fedha na kupauka. Pakiwa na vito juu yake, ndiyo kabisa, zumaridi inapasuka ukiiangalia.

Nilipokuwa kijana nilidhani kufungua chombo ni kukiharibu. Kisha nikasoma habari za kalisi ya Ardagh, ile iliyofukuliwa Ireland mwaka 1868 kwenye shamba la viazi, mwaka ule ule wa Bagamoyo. Ina vipande zaidi ya 350. Mwaka 1961 ilipelekwa British Museum huko London, wakaifungua na kuishughulikia kipande kwa kipande. Wao walikuwa na maabara. Mimi nina mafuta ya kulegeza, koleo lililofungwa ngozi, na siku mbili za kungoja. Nati iliyokaa miaka 90 haitaki nguvu. Unaidondoshea mafuta asubuhi, unaenda zako, unarudi jioni kuijaribu. Ikikataa, unarudia kesho.

Kuna kisa changu cha kueleza, na sikupanga kukisema, lakini mmenisikiliza vizuri.

Nikiwa na miaka 24 nilinunua mota ya kung'arishia. Brashi ya kitambaa inazunguka, unapaka dawa nyekundu, unagusa chombo, dakika moja kinang'aa kama kioo. Niliipenda kuliko pikipiki. Akaja padre mmoja mzee na kalisi ya upadrisho wake, imechakaa, nusu nyeusi. Anaenda kuadhimisha jubilei, anataka iwe safi. Nikaifanyia kazi usiku kucha. Juu, chini, ndani, nje. Asubuhi nikaiweka mezani juu ya kitambaa cheusi, nikamngoja.

Alifurahi. Aliigeuza, akapitisha dole gumba chini ya mguu. Akapitisha tena. Akavaa miwani. Kisha akasema, "Jina la mama yangu lilikuwa hapa."

Niliiona nilipokuwa naanza kazi, ile michoro hafifu. Nilidhani ni mikwaruzo.

Hakunigombeza na alinilipa. Sijui jubilei yake ilikwendaje, sikuthubutu kwenda. Mota niliiuza mwezi ule. Tangu siku hiyo chombo hakiguswi dukani kwangu kabla sijakipiga picha pande zote, chini na ndani, na kukipima uzito mbele ya aliyekileta. Tunaandika gramu, tunasaini wote wawili. Uzito ni kwa ajili yenu, maana masonara tuna sifa zetu mtaani na siwezi kuzikana zote. Picha ni kwa ajili yangu.

Swali ninaloulizwa kila mara ni lini chombo kitiwe dhahabu upya. Mapadre wamenisomea maelekezo ya Misale ya Kiroma, kwamba chombo cha metali inayoweza kupata kutu, au iliyo chini ya dhahabu kwa thamani, kwa kawaida kitiwe dhahabu ndani. Na mzee mmoja wa seminari alinionyesha kwenye sheria yenu ya zamani, ile ya 1917 iliyotumika hadi 1983, kwamba kalisi haikupoteza wakfu wake dhahabu ikichakaa au ikitiwa upya. Kwa hiyo ndani ya kikombe hatuna mjadala: ikichubuka kama hii, itiwe. Sababu ya fundi ni nyingine. Divai ina uchachu, na pale dhahabu ilipoisha inagusa fedha iliyochanganywa na shaba, na shaba ikikasirika inaota kijani. Hilo halifai kunyweka na mtu yeyote wa dini yoyote.

Nje ndiko ninakobishana na wateja. Wanataka yote ing'ae. Mimi nasema, nje iacheni na umri wake. Nafunika nje yote kwa nta, nachovya ndani tu. Ukitia dhahabu mpya juu ya majani yaliyolainika hupati majani, unapata uvimbe unaong'aa. Na ukitaka nikuchongee majani mapya, basi hiyo ni kalisi yangu, si ya yule fundi wa mwanzo. Nimewahi kupoteza wateja kwa msimamo huu. Wameenda kwingine wakang'arishiwa, na sina la kuwafanya.

Mama wa nyuma ananyoosha mkono tangu zamani. Sema, mama.

"Kwa hiyo tusisafishe?"

Osheni, mama. Kuosha na kusugua ni vitu viwili. Kwa chombo kisicho na vito vya gundi wala uwazi wa kuingiza maji: maji ya uvuguvugu, tone la sabuni laini isiyo na limau, vidole vyako ndani ya glavu, basi. Kalisi usiizamishe, ishike mkononi na uoshe kikombe chake. Suuza kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke. Mtayapata kwa wauza betri, lakini ulizeni vizuri, msije mkapewa asidi mkaniua kwa lawama. Kausha papo hapo kwa kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka inapitisha mwanga. Hakuna kitambaa cha dukani kinachoifikia. Kitenge kipya hapana.

Na weusi ukizidi kweli, mara moja kwa mwaka au miwili, si kila Jumamosi, chukua unga laini wa kalsiamu kaboneti, uloweke uwe uji, pitisha kwa pamba kwenye fedha tupu bila kukandamiza. Si chaki ya ubaoni, ile ina changarawe. Palipo na dhahabu usipitishe kabisa. Dhahabu haiwi nyeusi, ukiona weusi juu yake ni fedha ya chini inachungulia. Hapo niite.

Nta ya mshumaa iondolewe kwa maji ya uvuguvugu, kisu kikae jikoni. Chetezo sitakizungumzia sana, kimezoea taabu. Utomvu wa ubani ndani yake unalainika kwa spiriti, kikiwa kimepoa na mbali na makaa, tafadhali. Angalieni pete za minyororo, zinalika taratibu mpaka siku moja kinamwangukia mtumishi wa altare mguuni.

Kuhifadhi ndiko kunakookoa zaidi ya yote niliyosema, na hakuna anayependa kazi hiyo. Kila chombo kwenye mfuko wake wa pamba nyeupe iliyofuliwa. Gazeti hapana, karatasi yake ina asidi. Zile sanduku za zamani zenye sufu ndani ni nzuri kwa macho tu. Vile vipakiti vya kwenye boksi la viatu viwekeni kabatini vinywe unyevu, lakini vikishashiba havifanyi kitu, badilisheni. Mishumaa ikae kabati lingine, na kiberiti pia. Na mpira, jamani, mpira wa aina yoyote usiguse fedha. Nimeona patena, kile kisahani cha hostia, yenye mstari mweusi uliozama, umepita katikati kama barabara, kwa sababu mtu aliifunga na karatasi yake kwa mpira wa noti akasafiri miezi minane.

Nimemaliza yangu. Meza ile nimeshatandika, taa ipo, mizani ipo, na naona wengi mmekuja na vifurushi. Yule kaka wa pembeni amekikumbatia chake tangu nianze kuongea, na kutoka hapa naona kitu cha kahawia kimezunguka shingo ya kile alichokifunga.

Njoo wewe kwanza, kaka. Usiuvute, umeshashikana. Kuna mkasi hapo mezani.